Kanda Ambayo Mwanzia Hakuichoma

Katika kanisa moja la mtaa wa Umoja, hatua chache kutoka Barabara ya Outer Ring, wiki ya vijana haikuwahi kupita bila Mzee Mwanzia kusimamishwa mbele atoe ushuhuda wa kanda aliyoichoma. Vijana waliujua kwa moyo. Walijua ni wapi atashusha sauti, wapi atatoa leso ajifute paji la uso, na wapi atanyoosha mkono kuonyesha jinsi moto ulivyokwenda juu. Wengine walimwigiza wakiwa nje, bila ubaya, maana walimpenda. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, karani katika ofisi ya serikali mjini, mwalimu wa kwaya, mume wa Kavinya na baba wa Nzisa, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni.

Ushuhuda ulikwenda hivi. Alipokuwa na miaka kumi na saba, huko Dandora, alinaswa na muziki wa roki. Alikuwa na kanda moja ya Wazungu wenye nywele ndefu, na kanda hiyo ilimtawala hata akawa hasomi, haombi, halali. Ndipo ikaja krusedi, mhubiri akaita, naye akatoka mbele ya watu wote akaitoa kanda itupwe motoni. Tangu siku hiyo akawa mtu mpya.

Miaka ilivyokwenda, ushuhuda nao ulinenepa. Mwaka mmoja alisema moshi wake ulikuwa mweusi kuliko moshi wa kawaida. Mwaka mwingine alisema, na hili lilimtoka tu, hakulipanga, kwamba kanda ilipokuwa ikiungua alisikia sauti ya mtu ikilia ndani yake. Kanisa zima likasema amina. Mwanzia alirudi kitini haraka kuliko kawaida, kwa sababu alijua alichokisema, na alijua ni sauti ya nani.

Kanda ya roki haikuungua. Alikuwa nayo hadi leo, ndani ya soksi, katika kisanduku cha bati chenye nyaya na balbu zilizokufa, mahali ambapo Kavinya hakuwa na haja ya kutia mkono.

Ilimfikia mwaka wa 1990. Familia yao ilikaa kwenye ploti moja Dandora, vyumba vinane vimeuzunguka ua, bomba moja, vyoo viwili. Baba yake, Muasya, alikuwa dereva wa lori. Mama yake, Mbeti, alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Vyumba viwili vya mkabala vilikuwa vya akina Ooko: Frankline Ooko, rafiki yake wa darasa moja, dada yake mdogo, Awuor, na mama yao, Perez, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Baba yao, Owino, alifanya kazi ya reli na wakati huo alikuwa amehamishiwa Voi.

Frankline ndiye aliyekuja na kanda. Binamu yake alisafisha vyumba katika hoteli moja mjini, na mgeni fulani alikuwa ameisahau chini ya mto. Frankline aliisikiliza dakika mbili, akasema hao ni watu wanaogombana na mabati, akamwachia Mwanzia. Ilikuja na kasha lake la plastiki lenye karatasi nyekundu na picha ya vijana wanne wamesimama mbele ya kiwanda. Kwa hiyo Mwanzia akaiita Kanda Nyekundu, na jina hilo halikubadilika.

Jumamosi mama yake alipokwenda sokoni, aliitia kwenye redio kaseti ya baba, akapunguza sauti, akabandika sikio kwenye spika. Gitaa la kwanza lilianza kama lori la baba yake linapopanda mlima na mzigo: liliguna, likakaza, halafu likashika gia na kuondoka. Ngoma zikaingia. Zilikuwa nyimbo nane. Maneno hakuyaelewa hata nusu, maana Kiingereza cha mwimbaji yule hakikuwa kile cha shule. Lakini kabla ya wimbo wa tatu mwimbaji alivuta pumzi, na pumzi hiyo ilisikika, na tangu siku hiyo Mwanzia akawa anaingoja kila mara kama anayengoja kuitwa jina lake. Wimbo wa tano ulikuwa wa taratibu. Besi ilitembea peke yake muda mrefu, bila haraka, na sauti ya mtu ikaja nyuma yake kwa mbali, mpaka mahali ambapo wimbo ulikatika ghafla na wa sita ukaanza. Kanda ilipokwisha aliona kwamba sikio lake lilikuwa la moto na kwamba alikuwa amelia. Hata hilo lilimwaibisha: kijana mzima anawalilia Wazungu ambao ugomvi wao haujui.

Aliisikiliza mwaka mzima. Ilipolegea aliizungusha kwa kalamu ya Biki. Ilipomezwa na redio aliitoa polepole, sentimita kwa sentimita, akainyoosha kwa ukucha. Alianza kusikia muziki mwingine tofauti. Kwenye kwaya ya vijana ndiye aliyewaambia watu wa besi wasifuate sauti ya kwanza kama mkia, watembee njia yao, na wimbo ukasimama imara. Walimsifu. Hakusema alikojifunza.

Mwishoni mwa mwaka huo Owino aliugua huko Voi akafa kabla mkewe hajafika. Ploti nzima ilichanga, watu wakasafiri kwenda kuzika Siaya, wakarudi. Perez akaendelea na omena zake. Kila Jumapili baada ya kanisa alijifungia chumbani kwa muda wa nusu saa, na watoto walijua kutobisha. Mwanzia alidhani anaomba.

Krusedi ilikuja Agosti ya mwaka uliofuata. Hema lilisimamishwa kiwanjani, vipaza sauti vikaelekezwa pande zote. Mhubiri akatangaza kwamba alasiri ya Jumamosi ya mwisho kila kijana aje na kitu kinachomfunga, kiteketezwe mbele ya watu. Mbeti alikuwa amezisikia nyimbo zile kupitia ukutani kwa muda mrefu kuliko mwanawe alivyodhani. Hakumgombeza. Alimwambia tu, akiwa anachambua mchele, kwamba Jumamosi angekaa benchi la mbele amwone akiipeleka kanda ile.

Siku yenyewe Mwanzia aliishika kanda akajiambia basi, ni plastiki tu. Alivaa shati jeupe. Alifika mpaka mlangoni mwa ua. Hapo alikumbuka pumzi ile ya kabla ya wimbo wa tatu, akajua hataweza, na papo hapo akajua atakachofanya. Hili ndilo lililomsumbua zaidi baadaye, kwamba hakuhangaika hata kidogo. Wazo lilikuja limekamilika.

Nyumba ya akina Ooko ilikuwa wazi. Perez alikuwa sokoni, Frankline uwanjani kwenye mpira. Awuor, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa bombani akifua sare. Mwanzia akamwambia anatafuta pampu ya mpira. Awuor akamwambia iko chini ya kitanda cha Frankline, akaendelea kufua. Mwanzia akaingia. Juu ya kabati palikuwa na kikapu cha kanda, nyingi zimeandikwa majina ya wanamuziki wa kwao. Moja tu haikuwa na karatasi wala maandishi, na pembe yake moja ilikuwa imemeguka. Alifikiri kanda ambayo hakuna aliyejali kuiandika haiwezi kuwa na thamani. Akaitia katika kasha la Kanda Nyekundu, akaificha yake chini ya godoro nyumbani, akachukua na pampu pia, asije akaulizwa.

Mhubiri aliliinua kasha juu, watu wakaiona ile picha, wakapiga kelele. Halafu akalitupa motoni. Mbeti alilia kwa furaha. Moshi ulinuka kama moshi wote wa plastiki.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Perez alirudi kutoka kanisani, akajifungia, na baada ya dakika chache akatoka akiwa ameshika kikapu. Aliuliza kwa upole kwanza. Kisha akamwaga kanda zote kitandani. Ndipo ploti nzima ilipojua kwamba Perez, ambaye hakuenda shule, alikuwa akiletewa barua za sauti na mumewe. Owino alikuwa akizungumza kwenye kanda huko Voi na kumpa mtu anayesafiri. Zile za awali zilikuwa zimerekodiwa nyimbo juu yake, kama watu walivyofanya. Ilibaki moja, ya mwisho. Haikuwa na maandishi kwa sababu mwenyewe hasomi. Aliitambua kwa pembe iliyomeguka.

Mwanzia alikuwa amesimama bombani na ndoo. Ndoo ikajaa, ikamwagika, na bado alikuwa amesimama.

Lawama zilimwangukia Awuor. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameshikwa akirekodi nyimbo za redio juu ya kanda ya kaka yake. Ilionekana wazi kwamba amerudia, amegundua alichofanya, akaitupa jalalani. Awuor alikataa. Kadiri alivyokataa ndivyo alivyoonekana mwongo. Perez hakumpiga. Aliacha kumsemesha, na shule zilipofungwa mwezi wa Novemba akampeleka Siaya kwa bibi yake. Asubuhi ya safari Mwanzia ndiye aliyembebea sanduku mpaka kituoni, kwa sababu Frankline alikuwa na homa. Njia nzima alikuwa na maneno mdomoni. Awuor alimshukuru kwa sanduku. Basi likaondoka.

Baada ya hapo kila kitu kilimwendea vizuri, na ndivyo aibu ilivyokomaa. Ushuhuda wake ulimpa nafasi mbele ya vijana. Nafasi ile ikampa kwaya. Kavinya, msichana mpole kutoka Machakos aliyekuwa akifanya kazi ya ukarani, alimwambia walipochumbiana kwamba alimpenda siku aliyomsikia akieleza moto ule, kwa sababu hakuwahi kuona mwanamume anayeweza kuacha kitu anachokipenda. Mwanzia alimwoa akiwa na maneno hayo tumboni kama mfupa.

Akina Ooko walihama Dandora. Frankline akaenda Mombasa kufanya kazi bandarini, wakabaki kupigiana simu mara mbili tatu kwa mwaka. Mwanzia hakuuliza habari za Awuor. Kanda aliendelea kuisikiliza Jumamosi, Kavinya akiwa kwenye chama chake cha kuchangiana. Alitazamia siku moja aichukie. Alifikiri dhambi ingeuharibu utamu wake, kwamba siku moja atasikia kelele tu, kama Frankline. Haikutokea. Kanda ilichakaa, sauti za juu zikafifia, jina la bendi lililokuwa kwenye karatasi likawa limeungua zamani pamoja na kasha, lakini wimbo wa tano ulipoanza kutembea alikuwa yule yule kijana wa sikio la moto. Hilo ndilo ambalo asingeweza kumweleza mtu: kwamba alikuwa amemwibia mjane sauti ya mumewe kwa ajili ya kitu hiki, na kitu hiki bado kilikuwa kizuri.

Mtu mmoja tu aliujua upendo wake kwa kanda ile, ingawa kosa hakulijua. Miaka tisa iliyopita Abdiqadir, mwenzake wa ofisini, alimkuta stoo ya mafaili saa ya chakula akiimba ile besi kwa midomo. Akamwambia arudie mbele ya simu. Simu haikuutambua wimbo. Abdiqadir, ambaye hapendi kushindwa, alitafuta siku tatu kwa maneno machache ya Kiingereza ambayo Mwanzia aliyakumbuka, na siku ya tatu akaweka simu mezani, na gitaa likaanza kupanda mlima. Albamu nzima ilikuwapo, safi, kila sauti mahali pake. Ilikuwa bendi ya vijana wa mji mdogo wa viwanda, wakatoa albamu hiyo moja, wakatawanyika. Wimbo wa tano ulipofika mahali ambapo kanda ya Mwanzia ilikatikia, haukukatika. Kulikuwa na ubeti mwingine. Kwa miaka ishirini na sita hakujua kwamba kuna ubeti mwingine. Kwa furaha ikabidi atoke asimame kwenye ngazi. Na hapo kwenye ngazi alimfikiria Perez, ambaye hakubakiwa na hata neno moja.

Mwaka jana, wiki ya vijana, alisimama tena. Alisema yale yale, leso, mkono, moto. Baada ya ibada watu walipokuwa wakisalimiana nje, mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge cha bluu alimjia akitabasamu.

"Bro Mwanzia, hujanitambua," alisema. "Mimi ni Awuor. Wa Dandora, dada yake Frankline."

Alieleza kwamba amehamia Umoja miezi miwili iliyopita, ana duka dogo la kushona sare za shule, na anaishi na mama yake, ambaye ana miaka sabini na mitatu na masikio yamekwisha. Alisema amefurahi kusikia ushuhuda ule, kwani alikuwa ameusahau kabisa. Aliikumbuka krusedi kwa sababu nyingine. Ilikuwa wiki ile ile ya msiba wake mdogo, alisema, ile kanda ya baba.

Mwanzia akasema anakumbuka.

"Unajua nilikataa miaka mingi," Awuor alisema. "Nilikuwa hata nina hasira na mama. Lakini mtoto anaweza kufanya kitu akajificha mwenyewe. Nilipookoka nilikaa chini nikajiuliza vizuri, nikaona kweli ni mimi. Naona kabisa mkono wangu ukibonyeza ile rekodi. Nikamwomba mama msamaha, na Mungu. Sasa nina amani."

Alimshika mkono, akamwomba apite siku moja amsalimie mama. Mwanzia aliitikia kwa kichwa. Baadaye hakukumbuka jinsi alivyofika nyumbani.

Alikaa na jambo hilo siku nne. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba alichoiba ni kanda. Sasa aliona kwamba aliingia hata ndani ya kichwa cha mtoto, akapanda humo kumbukumbu ambayo haikuwapo, na mtoto yule akakua akaiombea msamaha.

Siku ya tano jioni alikitoa kisanduku cha bati mbele ya Kavinya na Nzisa, akatoa soksi, akatoa kanda, akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati. Nzisa, binti wa miaka ishirini na nne, aliishika kanda akaigeuzageuza. Kavinya alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza kama siku ile alipomwambia kwa nini alimpenda, yeye Mwanzia alijua tayari kwamba hakuichoma.

"Nilijua."

"Ukaniacha niseme."

"Nilikuacha."

Kavinya aliondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Aliposema tena ilikuwa kumwambia kwamba asimwombe yeye msamaha kwanza. Aende kwa wenyewe.

Alikwenda Jumamosi. Awuor na mama yake walikaa kwenye vyumba vilivyoongezwa mbele ya nyumba ya zamani, mlango unafunguka moja kwa moja kwenye kijia, na mwanamke anayeitwa Kui alikuwa ameketi hapo nje akikata sukuma wiki za kuuza. Perez alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni akiota jua. Alikuwa amepungua mwili, lakini alimtambua mara moja, akamshika mikono miwili akamwita mwana wa Mbeti. Awuor akaleta chai.

Mwanzia hakuinywa. Alisema ana neno, akaanza kwa sauti ya chini, akimtazama Awuor. Perez akamkatiza. Akamwambia kama neno ni lake pia, aseme kwa nguvu, maana masikio yake yameziba, na sikio la kushoto ndilo lenye nafuu.

Basi ilimbidi aende upande wa kushoto, ainame, aseme kwa nguvu. "Mama, ile kanda ya Mzee Owino, ni mimi niliyeichukua."

"Nani aliichukua?"

"Mimi. Mimi Mwanzia."

Kisu cha Kui kilinyamaza. Mtu aliyekuwa akipita na jerikeni alipunguza mwendo. Mwanzia aliendelea kupaza sauti, sentensi moja moja, na kila moja ilimbidi airudie: kwamba aliingia nyumbani kwao, kwamba aliichoma mbele ya watu badala ya yake, kwamba hakujua ina nini lakini siku ya pili alijua na akanyamaza, kwamba Awuor hakugusa kitu. Aibu aliyokuwa ameibeba kimyakimya miaka thelathini na minne, sasa aliipigia kelele kijia kizima kama mchuuzi. Alipomaliza koo lilikuwa linawasha.

Awuor ndiye aliyesema kwanza, taratibu.

"Nilikuwa nafua. Uliniuliza pampu."

"Ndiyo."

"Nikakuonyesha iko wapi."

"Ulinionyesha."

"Na hiyo yako, bado unayo?"

"Ninayo."

"Unaisikiliza?"

Hapo alitamani sana kusema hapana. Lingekuwa jambo dogo la kumfariji. "Ninaisikiliza," alisema. "Bado ninaipenda, Awuor. Sijui nifanye nini na hilo."

Awuor akageuza uso akatazama mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, akaufungua na kuufunga.

Perez akaanza kusema kwa Kijaluo, si kwa yeyote, macho yake kwenye kijia, na kwa sauti ambayo haikuwa yake kabisa, ya mtu anayeongea polepole karibu na mashine. Mwanzia, aliyekulia ploti ile, alielewa. Perez mama Frankline, mimi ni mzima. Huku ni joto na maji ni ya chumvi. Mwambie Frankline nimeona ripoti yake. Ile kabati usiiuze, nitakuja niitengeneze mlango. Awuor, mwanangu, nimepata viatu, lakini sijui mguu wako umefika wapi. Mama akupime kwa uzi, aukate, anitumie uzi.

Aliendelea hivyo hadi mwisho, na mahali ambapo marehemu alikohoa, yeye naye alikohoa. Maneno yale Awuor aliyasikia mara moja akiwa na miaka kumi, na alikuwa ameyasahau yote. Alipiga magoti kwenye saruji akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Perez akamshika kichwani, akasema jambo ambalo Mwanzia hakulisikia na ambalo halikuwa lake kulisikia. Kui aliinuka akaingiza sukuma wiki zake ndani ingawa zilikuwa hazijakwisha.

Mwanzia alipoaga, Perez alimpa mkono lakini hakumwita tena mwana wa Mbeti. Awuor alimsindikiza hatua tatu.

"Sina la kukuambia leo," alisema. "Lakini ule uongo uliusema mbele za watu. Na ukweli huu uuseme hapo hapo."

Alifanya hivyo Jumapili iliyofuata. Hakukuwa na leso wala mkono. Alisema kwa dakika nne, akamtaja Awuor kwa jina kama alivyokubaliana naye, akasema kwamba ile sauti aliyodai ilikuwa ikilia motoni ilikuwa ya mtu aliyekuwa akimwuliza mtoto wake ukubwa wa mguu. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alimshukuru kwa maneno mawili akaenda kwenye matangazo. Baraza la wazee lilimwondoa kwenye uzee na kumpumzisha kwaya, ambayo ilikabidhiwa Muoki, kijana mwenye sauti nzuri. Hakuna aliyemwigiza tena nje ya kanisa, na hilo alilihisi zaidi kuliko barua ya baraza. Frankline alipopigiwa simu alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akauliza ni Awuor gani anayesemwa, kana kwamba ana dada wengine. Halafu akasema asipigiwe kwa muda.

Kavinya alibaki. Walizungumza juu ya unga na mafuta na bili ya stima kwa wiki nyingi. Siku moja, bila utangulizi, alimwambia amwekee hiyo albamu. Wakaisikiliza sebuleni, mchana, madirisha wazi. Mwanzia hakuweza kumtazama. Kabla ya wimbo wa tatu aliinua kidole bila kujua, na pumzi ile ikaja. Kavinya hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliuliza huyo mwimbaji alikuwa na miaka mingapi. Mwanzia akasema labda ishirini na miwili. Kavinya akasema ni mtoto tu, akainuka kwenda kutazama chakula.

Mwezi wa Februari ulimjia ujumbe kutoka kwa Awuor. Mama ana kliniki ya masikio Jumanne, mtu wa teksi amesafiri, kama anaweza kuja na gari saa mbili asubuhi. Hakukuwa na salamu. Alifika saa moja na nusu akasubiri ndani ya gari mpaka wakati ulipofika, ili asionekane anajipendekeza. Njiani Perez alilala. Hospitalini foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alipomchukua mama ndani, Awuor alitoka nje, akalitazama benchi la varanda, tupu ila upande alioketi Mwanzia, akaja akaketi upande huo huo, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Akatoa sindano na sketi ya shule kutoka mkobani, akaanza kushona pindo.